Yoga ya kwenda kuskii ianzie Kimara, sio kwenye theluji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na kama barua ni ndefu punguzeni pale ninapojisifia lakini sehemu ya magoti msiiguse.

Jumamosi ile kwenye ukurasa wa safari mliandika kuhusu hizi likizo za yoga na skii, yani mtu anaenda Ulaya kwenye milima ya theluji, mchana anateleza na zile mbao miguuni, jioni anajikunja kwenye mkeka hotelini. Kwanza nilifurahi, maana kila siku ni Zanzibar na Serengeti tu. Alafu nikafika kwenye ile aya mliyosema hata ambaye hajawahi kufanya mazoezi anaweza kwenda, yoga ya jioni itamlainisha na asubuhi ataamka mpya. Nikaweka kikombe chini. Mhariri, hiyo aya itavunja watu miguu, na Desemba hiyo inakuja watu wameshaanza kuulizia tiketi.

Mi nimeenda mara mbili. Nina miaka 44, ni mhasibu, nakaa Kimara, kazi yangu ni kukaa kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na mwisho wa mwezi usiseme. Mdogo wangu ameolewa Austria, yupo Innsbruck, huo mji ambao Olimpiki ya majira ya baridi imefanyika 1964 na tena 1976, kule mtoto wa chekechea anaskii kama watoto wetu wanavyocheza rede. Mara ya kwanza sikutaka kumsumbua shemeji, nikanunua pakeji kwa mtu mmoja wa safari hapa mjini, jina silitaji, kila kitu ndani: hoteli, mwalimu wa skii, yoga asubuhi na jioni. Nikamuuliza kaka mimi sijawahi hata kukimbia Coco, akasema dada usijali, yoga ndo imewekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Maneno yale yale ya kwenye gazeti lenu.

Sasa ngoja niwaambie kuskii kukoje kwa mtu aliyetoka Dar. Unavalishwa buti gumu kama limemwagiwa zege, kifundo cha mguu hakikunji kwenda popote, unaweza kuegemea mbele kidogo basi. Hilo buti linafungwa kwenye ubao, na huo ubao ni mrefu. Kwahiyo ubao ukigeuka kidogo tu huko chini, ile nguvu yote ya kujipinda haiwezi kuishia kwenye kifundo, inapanda juu moja kwa moja mpaka kwenye goti. Alafu wanaoanza tunafundishwa kujizuia kwa kukutanisha ncha za mbele za mbao na kupanua nyuma, kama paa la banda, na hapo unakuwa umekunja magoti kidogo, umeyaelekeza ndani, paja linawaka moto, na hushuki dakika moja, unashuka dakika kumi, unapanda lifti inayokurudisha juu mlimani, unashuka tena. Siku nzima. Mtu ambaye zoezi lake kubwa ni kupanda ngazi ofisini umeme ukikatika!

Siku ya kwanza nilienjoi, kuanguka kwenye theluji laini hakuumi. Siku ya pili mapaja yalikuwa kama nimetwangwa kwenye kinu. Jioni nikaenda sauna, nikatoka huko mwili umelegea kama mkate uliochovywa chai, nikaingia moja kwa moja kwenye darasa la yoga. Mwalimu alikuwa binti mzuri tu ila hakuuliza mtu yeyote ameamkaje wala ana miaka mingapi. Akatuinamisha, akatushikilisha ile mikao muda mrefu, na mimi kwa sababu ya joto la sauna nikajiona nafika mpaka kwenye vidole vya miguu, nikajisifu, kumbe nilikuwa navuta misuli iliyochoka na yenye maumivu tayari. Asubuhi yake tena mkao wa shujaa, goti limekunjwa, tumeganda hapo hapo, mguu unatetemeka, ndo kwanza saa moja na nusu na kuskii hatujaanza.

Siku ya tatu saa tisa alasiri nikaanguka. Wala sio kwa spidi. Njia yenyewe ilikuwa ya bluu, kule Austria bluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ya wenye roho ngumu. Jua lilikuwa limepiga, theluji imekuwa nzito kama uji, mguu wa kulia ukabaki nyuma, ubao ukanasa, goti likaingia ndani. Vile vifungio vya buti vimetengenezwa viachie ukianguka, wanavipima kwa uzito wako na umri na urefu wa buti, ila anguko la polepole la kujipinda kama langu mara nyingi halina nguvu ya kuvifungua. Vikanishika. Nikasikia kitu kinavutika upande wa ndani wa goti. Daktari kule akasema ni kano la ndani, limevutika halijakatika, nishukuru Mungu. Siku nne zilizobaki nilikaa dirishani naangalia watoto wa miaka mitano wanapita kama swala.

Sisemi yoga ndo iliniangusha. Nasema niliuziwa kama dawa ya kunywa baada ya kuumwa, wakati ni kitu cha kujenga kabla.

Niliporudi Dar nikapelekwa kwa mtu wa fizio, kijana mmoja mcheshi, akanilaza akanivuta huku na huku akaniambia mama, goti lako halina kosa, limelipa deni la watu wengine. Nyonga zako zimekauka kwa kukaa, mapaja hayana nguvu, makalio yamelala usingizi, kwahiyo ukigeuka goti ndo linafanya kazi ya wote. Mhasibu nikamwelewa mara moja, nimeona ofisi za hivyo. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi yake ndo akaniambia sasa nenda yoga, lakini nenda na usiache.

Nikapata darasa Upanga, jioni mara mbili kwa wiki, mwalimu mama wa Kihindi mzaliwa wa hapa hapa ambaye Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Siku ya kwanza nimebeba mkeka wangu umekunjwa kwapani napita kijiweni, wale vijana wakaniuliza mama na wewe umeweka mkeka, timu ngapi? Mkeka kwao ni wa kubeti mechi. Mpaka leo wananiita mama mkeka. Yule mwalimu nilipomwambia nataka kurudi kwenye theluji alicheka kwanza, alafu akaanza kunipanga, na hapa ndo nataka wasomaji wako wasikilize maana hii ndo faida yenyewe.

Mkao wa kiti. Unasimama, unarudisha makalio nyuma kama unataka kukaa kwenye kigoda ambacho hakipo, mgongo umenyooka, magoti yanaelekea kule vidole vinakoelekea, unabaki. Sekunde ishirini za kwanza unamchukia aliyebuni. Ukiangalia picha ya mtu anayeskii vizuri utaona ni ule ule mkao, kasoro mikono. Tulifanya kila darasa, na nyumbani nikawa nafanya nikisubiri wali ukauke, mwanangu akidhani nina matatizo. Kitu mwalimu alichokuwa anakitazama sio muda, ni magoti yasiingie ndani, yakiingia tu anagonga sakafu na fimbo.

Alafu mkao wa mti, unasimama mguu mmoja. Watu wanauona wa mapozi. Lakini kwenye skii unapokata kona uzito wote unatakiwa uende kwenye mguu wa nje, ukienda kulia unasimamia wa kushoto, na hofu inakuambia ufanye kinyume, ujiegemeze ndani kule mlimani, na hapo ndo mbao zinapokimbia bila wewe. Kumbe yule aliyezoea kuhamisha mwili wake wote kwenye mguu mmoja bila kupaniki, ana nusu ya kona tayari. Nilianza siwezi kuhesabu tano, nikafika dakika nzima, alafu mwalimu akaniambia haya, fumba macho. Nikaanguka juu ya jirani.

Nyonga ilikuwa kazi ya miezi. Sina cha kuongeza hapo, inauma na inafunguka taratibu.

Na niongeze kitu ambacho sio yoga ila ni cha kwetu: mwendokasi. Kimara mpaka Kivukoni siti hupati, basi badala ya kununa nikawa nasimama magoti yamelegea kidogo, miguu imeachana, mkono upo karibu na bomba lakini haushiki, dereva akikanyaga breki mwili unajibu wenyewe. Shemeji yangu nilipomsimulia alisema ndo mazoezi bora kabisa aliyowahi kusikia na hajawahi kuona yanauzwa kwenye pakeji.

Nilijiandaa hivyo karibu miezi mitano. Wengine wanaweza kuhitaji kidogo kuliko hapo, kama unatembea au unacheza mpira wiki nane mpaka kumi zinaweza kukutosha, lakini wiki moja ya kule kule haitoshi kwa mtu yeyote, msuli haujengwi kwa siku saba za kuchoka.

Februari mwaka huu nikarudi, safari hii kwa mdogo wangu, bila pakeji ya mtu. Tulikuwa tunaenda Stubai, sio mbali na Innsbruck, ni barafu la milimani ambapo lifti zinakupandisha mpaka zaidi ya mita 3,000. Waliopanda Kilimanjaro watanielewa nikisema ni juu kuliko kambi ya Mandara na chini ya kambi ya Horombo, tofauti ni kwamba Horombo unafika siku ya pili kwa miguu na mwili umezoea kiasi, kule unakunywa chai bondeni na baada ya muda mfupi uko juu, mtu wa usawa wa bahari kama sisi. Kichwa kinagonga, ukifunga buti tu unahema. Siku ya kwanza mdogo wangu alinizuia, akasema dada leo tunakaa chini, maji mengi, hamna kushindana. Na hapa pumzi ya yoga ilinisaidia kuliko kunyoosha viungo. Sio uchawi, hewa haiongezeki kwa sababu umefumba macho. Ila nikifika kwenye ukingo wa mteremko na moyo unadunda, natoa pumzi ndefu kuliko niliyoingiza, mara nne tano, mabega yanashuka, meno yanaachana, alafu naondoka. Mtu aliyekakamaa kwa woga anakaa nyuma ya mbao zake, na ukikaa nyuma mbao ndo zinaamua.

Mpangilio wetu wa siku ulikuwa mwepesi mpaka aibu. Asubuhi dakika kumi na tano tu chumbani, salamu ya jua ile ya kuinama na kuinuka polepole, kuzungusha nyonga, kiti mara chache bila kuganda, lengo ni damu ipite. Kujivuta sana na kushikilia muda mrefu dakika chache kabla ya kwenda kutumia nguvu kunaupunguzia msuli nguvu kwa muda, na mi nilikuwa nalipa hela nifanyiwe hivyo kila asubuhi ile safari ya kwanza! Mchana kuskii, na kuacha mapema. Hii ilikuwa amri ya shemeji, saa nane na nusu tunavua, hata kama tiketi ya lifti inaruhusu mpaka saa kumi, hata kama jua linawaka, maana kila mtu anataka ile moja ya mwisho na ya mwisho ndo inabebwa na machela. Jioni ni kulala chali miguu imepandishwa ukutani, mto chini ya kiuno, kujipinda kidogo huku umelala, na mwisho ule mkao wa maiti ambao mama yangu hataki hata kusikia jina lake. Dakika ishirini. Sauna kama unaipenda nenda, ila ukitoka usijipime urefu.

Sikuanguka? Nilianguka kama mara kumi na mbili, na moja nilimwangukia Mjerumani. Goti halikusema neno.

Najua kuna watakaoandika kwamba mambo yenyewe ya kizungu na ya Kihindi, Mswahili yanamhusu nini. Jumuiya yetu kuna mama alinifuata kabisa akaniambia naabudu miungu ya watu. Nilimwambia mama, mi kwenye mkao wa kiti namuomba Yesu anishushe salama. Anayeona dhamiri yake inakataa nyimbo na maneno ya Kisanskriti aseme, mwalimu wetu anayaacha na hana kinyongo. Umoja wa Mataifa wenyewe Desemba 2014 uliitenga tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani, na hapa Dar watu huwa wanajumuika. Na kuhusu theluji, Lamine Guèye wa Senegal alishindana Olimpiki ya Sarajevo 1984, jirani zetu Kenya walimpeleka Philip Boit kule Nagano 1998, akamaliza wa mwisho na bingwa wa Norway, Bjørn Dæhlie, akamsubiri kwenye mstari amkumbatie, na 2018 Sabrina Simader akaskii kwa niaba ya Kenya hiyo hiyo kule Pyeongchang. Bibi yangu kule Rombo aliiona theluji ya Kibo kila asubuhi mpaka anazeeka na hakuwahi kuigusa hata mara moja. Mimi nimeigusa kwa uso.

Hata huko kuchanganya yoga na miji ya skii sio fasheni ya juzi kama mlivyoandika. B.K.S. Iyengar, yule mwalimu mkubwa wa India, alialikwa Uswisi 1954 na mpiga fidla Yehudi Menuhin, akamfundisha kule Gstaad ambako ni mji wa skii, na Menuhin alikuwa anafanya yoga kwa sababu mwili wake ulikuwa unamkwamisha kwenye kazi yake. Alikuwa na shida, akafanya kila siku, miaka. Hakufanya jioni moja baada ya sauna.

La bima msilisahau mkiandika tena. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, inadai bima ya angalau yuro 30,000 na watu wanakata ya bei rahisi ili karatasi ikamilike, alafu ukisoma ndani michezo ya theluji imetolewa, na kushushwa mlimani na helikopta sio bei ya bajaji. Mi safari ya kwanza nilipona kwa bahati, nilishushwa na machela na bima ikakubali baada ya barua tatu. Na kwa ambaye Ulaya ni mbali kwa mfuko, Lesotho wana Afriski, ipo zaidi ya mita 3,000 kwenye milima ya Maluti, wao theluji yao ni Juni mpaka Agosti, kwahiyo anayeanza yoga Machi yupo ndani ya muda.

Ninachoomba, Mhariri, ile aya irekebishwe kabla ya Desemba, muandike kwamba asiyefanya mazoezi aanze sasa hivi hapa hapa, na akishafika huko apunguze. Mavazi sio shida kama watu wanavyodhani, jaketi langu la skii nilinunua mitumba Karume, jipya kabisa, lina mpaka mfuko wa tiketi ya lifti kwenye mkono. Muuzaji aliniuliza dada unahamia Makete? Nikamwambia mbali zaidi, akapunguza elfu tano kwa huruma.

Mama Mkeka,
Kimara, Dar es Salaam